Kumtoa mtu kwenye klasta wakati cheti chake bado kina uhai

Kubernetes, mfumo unaoendesha programu juu ya seva kadhaa zilizounganishwa (klasta), haina amri ya kufuta cheti cha mtumiaji, yaani hati ya kidijitali inayomtambulisha. Naanza na hilo kwa sababu watu wengi hupoteza siku nzima wakiitafuta amri hiyo. Seva ya API, ambayo hupokea kila ombi linaloingia kwenye klasta, ikiletewa cheti hutazama mambo mawili: kimesainiwa na mamlaka ya vyeti inayoiamini, na tarehe yake haijapita. Haina orodha ya vyeti vilivyobatilishwa wala pa kuiweka. Ni kama barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Akishagonga muhuri ukaondoka nayo, hawezi kuifuta ikiwa mfukoni mwako. Anachoweza ni kubadilisha muhuri, na hapo mtaa mzima urudi kuchukua barua mpya.

Ofisi yetu iko Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara za namba. Tuko wachache, na wateja wetu ni wa huku huku: maghala ya mkonge, maduka ya jumla, chama cha kuweka na kukopa. Klasta yetu ilijengwa kwa kubeadm, zana ya kuanzishia klasta, juu ya seva za kukodi za wingu, na fundi aliyeijenga alimpa kila mmoja wetu faili la kubeconfig, la kuingilia kwenye klasta, lenye cheti ndani. Mengine yalipitia WhatsApp. Mwenzetu mmoja alipopata kazi Dar es Salaam tuliagana kwa wema, na pilau ikapikwa. Lakini chama kile kina taarifa za wanachama, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023, mkaguzi wao haachi kuuliza nani anafikia nini. Alitaka ushahidi wa maandishi kwamba kijana hana tena njia.

Bosi wetu, ambaye ofisi nzima humwita Mama, akaniita.

"Mwanangu, huyu umeshamtoa?"

"Kwenye barua pepe na VPN ametoka, Mama. Kwenye klasta bado. Cheti chake kinaisha mwakani."

"Kwa hiyo tukae tusubiri mwakani?"

Jibu la swali lake linategemea cheti chenyewe kimeandikwa nini. Laptopu aliyorudisha ilikuwa na mafaili mawili, nikayafungua kwa openssl, zana ya kusomea vyeti. Kubernetes haina rejesta ya watumiaji: jina la mtu ni lile lililo kwenye CN ya cheti, na kundi lake ni lile lililo kwenye O. Cheti cha kwanza kilikuwa na jina lake na kundi la watengenezaji. Cha pili kilikuwa nakala ya admin.conf, faili la msimamizi mkuu, na kwenye O pameandikwa system:masters, kundi la wenye nguvu zote. Hapo nikajua nina kazi mbili zisizofanana hata kidogo.

Ya kwanza ni nyepesi. Cheti hubaki hai, ila unakinyang'anya nguvu. Ruhusa za RBAC, utaratibu wa Kubernetes wa kugawa ruhusa, hazina kanuni ya kukataza, zinaruhusu tu, kwa hiyo unatafuta kila RoleBinding na ClusterRoleBinding (rekodi za kumpa mtu au kundi ruhusa) inayomtaja na kuiondoa. Ugumu ulikuwa kwenye kundi. Kundi limechapwa ndani ya cheti, huwezi kumtoa mtu mmoja humo. Nikaunda kundi lenye jina jipya, nikawasainia wenzangu vyeti vipya vyenye kundi hilo, kisha nikakata ruhusa za kundi la zamani. Nilipopima kwa kubectl, zana ya kuamuru klasta, kwa amri ya kubectl auth can-i --list nikijifanya yeye, yalibaki yale machache ambayo kila aliyetambuliwa na klasta hupewa, kama kuuliza orodha ya API. Hayo hayamfikishi kwenye data.

Jina lake sasa limefungiwa. Tukimpata kesho mtu mwingine wa jina hilo hilo, hatapewa CN ileile kabla tarehe ya cheti cha zamani haijapita, la sivyo ruhusa za mgeni zitakuwa zimemrudia aliyeondoka. Naliona jambo hili likisahaulika kuliko yote.

Cha system:masters hakiguswi na haya. Kundi hilo limeandikwa ndani ya msimbo wa seva ya API: linapita juu ya RBAC, na hata ukiweka huduma ya nje ya kuamua ruhusa, linaipita nayo. Kubeadm kuanzia toleo la 1.29 imelitenga. Siku hizi admin.conf ina kundi la kubeadm:cluster-admins, ambalo ruhusa zake zinaondoleka, na lile la hatari limehamishiwa super-admin.conf. Klasta yetu ilizaliwa kabla ya hapo. Njia zilikuwa mbili, kusubiri mwaka wa cheti uishe au kubadilisha muhuri. Kwa kuanzia nikafunga mlango wa 6443, ule wa seva ya API, kwenye faiwoli usifikike ila kwa VPN. Hatua hiyo haibatilishi chochote, lakini ilinipa nafasi ya kufanya kazi bila haraka.

Kubadilisha mamlaka ya vyeti nilikufanyia mazoezi kwanza kwenye klasta ya majaribio ya toleo lilelile mpaka mikono ikazoea. Anayefanya kwa mara ya kwanza kwenye klasta ya wateja ana moyo kunizidi. Siri iko kwenye mpangilio. Ukiweka mamlaka mpya na kuiondoa ya zamani kwa mpigo, nodi (seva zinazounda klasta) zinaikana seva ya API na podi (programu zinazoendeshwa humo) zinaikana pia, na wewe mwenyewe unabaki nje ukigonga. Kwa hiyo nilitengeneza mamlaka mpya, nikaunganisha cheti chake na cha zamani katika faili moja, na faili hilo likaenda kila mahali: seva ya API, kidhibiti kinachogawia podi mamlaka ya kuamini, na nodi zote. Nikazianzisha upya podi ili zisome fungu jipya. Ndipo nikatoa vyeti vipya vya seva ya API, vya kidhibiti na kipanga-kazi, vya kubelet (wakala wa Kubernetes) za kila nodi, na mafaili mapya ya watu. Kila kitu kilipokuwa kinazungumza kwa vyeti vipya, nikaiondoa mamlaka ya zamani.

Iondolewe na kwenye nodi. Kubelet nayo inapokea vyeti vya watumiaji kwenye mlango wa 10250, kwa kufuata faili lake la mamlaka. Ukisafisha seva ya API ukaziacha nodi na lile fungu la mamlaka mbili, mwenye cheti cha system:masters akizifikia nodi atatambuliwa, kubelet itauliza seva ya API kama kundi hilo linaruhusiwa, na jibu litakuwa ndiyo.

Usiku huo wateja walipata mkatiko mfupi wakati podi zinaanzishwa upya. Chama kilikuwa kimearifiwa.

Ushahidi wa mkaguzi nao una mtego wake. Nilipotumia faili la zamani, kubectl ilikataa mara moja, ila ukiusoma ujumbe vizuri, aliyekataa ni kubectl yenyewe. Ilikuwa inaamini mamlaka ya zamani, ikaiona seva ina cheti kipya, ikagoma kuendelea. Hilo halithibitishi kwamba seva ingemkataa mtumiaji. Nikakitoa cheti na ufunguo wake kwenye faili, nikaita seva kwa curl, zana ya kutuma maombi, bila kukagua cheti cha seva, na hapo ndipo jibu halisi la 401 likaja. Cheti kile cha kwanza, chenye jina lake, siku nilipokata ruhusa peke yake, kilirudisha 403. Mkaguzi akauliza tofauti yake. Nikamwambia 403 ni seva inasema nakujua lakini huna ruhusa, na 401 ni seva inasema sikujui.

Halafu kuna alichoweza kuacha nyuma. Simshuku, lakini mwenye system:masters anaweza kusoma faili lolote la seva kuu kwa kutumia podi, pamoja na funguo za kusainia. Kwa hiyo ufunguo wa kusainia tokeni za huduma (pasi za programu za ndani), sa.key, niliubadilisha pia, na mamlaka za vyeti za etcd (hifadhidata ya klasta) na front-proxy (ya viendelezi vya API), ambazo ni tofauti na ile kuu, zikafuata usiku mwingine. Nilipitia pia akaunti zote za huduma nikitafuta isiyo na mwenyewe. Maombi ya vyeti yaliyokubaliwa klasta huyafuta yenyewe baada ya saa moja, kwa hiyo anayetaka kujua nani alisainiwa nini lazima awe na kumbukumbu za ukaguzi. Sisi zilikuwepo, na zilikuwa safi.

Wanaotumia klasta za kukodi nzima nzima hawana mzigo huu kwa ukubwa huu. GKE ya Google iliacha kutoa vyeti vya watumiaji kwa chaguo-msingi tangu toleo la 1.12, EKS ya Amazon inatambua watu kwa akaunti za IAM, mfumo wa utambulisho wa Amazon wenyewe, na AKS ya Microsoft ina amri moja ya kuzungusha vyeti, ingawa inaweza kukukatia huduma kwa hadi dakika 30. Nilimwambia Mama, akauliza bei, tukaendelea na klasta yetu.

Sasa watu wanaingia kupitia Keycloak, programu ya kusimamia akaunti za watumiaji, na tokeni zao ni za muda mfupi. Mtu akiondoka nafunga akaunti yake pale, na tokeni aliyobaki nayo inakufa yenyewe. Anayelazimika kuwa na cheti, ombi lake naliwekea expirationSeconds (muda wa cheti kuishi) ya saa chache. Kiwango cha chini kinachokubalika ni sekunde 600. Super-admin.conf imetolewa kwenye seva. Iko kwenye flashi ndani ya bahasha, kwenye kabati la Mama, na ufunguo wa kabati hata mimi sina.