Waya ulikatika kabla ya Soni

Waya wa klachi ya pikipiki haukatiki kwa siku moja. Wangu ulinichoma kidole wiki nzima, nyuzi zimeshaanza kuchomoza pale kwenye mkono wa klachi, na kila jioni nikawa najiambia kesho. Waya mpya ulikuwa bei ya chipsi mayai, au zaidi kidogo. Nikala chipsi mayai.

Ilikuwa 2009, nina miaka 22, nabeba abiria kati ya Mombo na Lushoto kwa pikipiki ya Kichina ya tajiri mmoja. Gia tano: ya kwanza chini, nne zilizobaki juu. Jioni ile, pale njia panda ya Mombo, mzee mmoja aliteremka kwenye basi lililotoka Tanga, kikapu cha samaki wakavu, ng'onda, mkononi, na Hiace za kupanda mlimani zimekwisha.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Lushoto bei gani?"

Nikataja 10,000. Akacheka kama vile nimemsimulia kisa. Tulivutana mpaka wenzangu kijiweni wakaanza kunitania, mwisho tukakubaliana 8,000, naye akapanda huku akinung'unika kwamba amenyongwa.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, kona juu ya kona. Mlima upande huu, bonde upande ule, na joto la Mombo unaliacha chini taratibu mpaka baridi inakuingia vidoleni. Hatujafika Soni, mji mdogo wa njiani, kwenye kona kali, nikabana klachi, ile inayoiachanisha injini na gia, nishushe gia. Mkono ukaja wote, mwepesi, kama haujafungwa na kitu. Pikipiki ikabaki na gia ya tatu kwenye mwinuko, ikakohoa mara mbili, ikazima.

Nikamwambia ukweli: waya umekatika, babu, tusubiri gari lipite. Giza lilikuwa linaingia na hakuna gari lililosikika.

"Injini nzima?"

"Nzima."

"Breki?"

"Zipo."

"Sasa tunasubiri nini?"

Nikamwona mzee asiyejua pikipiki. Na kweli hakujua, aliniambia mwenyewe hajawahi kuendesha hata moja. Ila alikuwa ameendesha lori la mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, miaka ile baada ya 1965, Ian Smith, waziri mkuu wa walowezi, alipojitangazia uhuru wake Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na Zambia ikakosa njia ya kusini, kabla bomba la mafuta halijafunguliwa 1968. Barabara vumbi kiangazi, tope masika, na giaboksi ambazo usipousikiliza mlio wa injini gia haiingii, lori linaanza kurudi nyuma na shehena yake ya petroli. Klachi ilimfia kwenye mlima wa Kitonga, akasema, na Iringa alifika. Sikumwamini sana. Lakini nani mwingine alikuwepo pale?

Kazi ilikuwa kuondoka. Ukipachika gia ya kwanza pikipiki imesimama, tena imeelekea juu, itaruka au itazima. Babu akasema tuigeuze. Tukaielekeza Mombo, nikapiga kiki ikiwa fri, yaani haina gia, tukapanda wote wawili na ng'onda wetu katikati, nikaachia breki. Ilipopata mwendo nikapiga resi kidogo nikakanyaga. Kla! Ikaingia. Basi tukaanza safari ya Lushoto kwa kurudi Mombo. Mbele kidogo palikuwa na kiuwanja pembeni mwa barabara. Nikazungukia hapo, miguu yote miwili ikikwangua changarawe, tukawa tumeelekea juu.

"Ncha ya kiatu iweke chini ya gia," sauti ikanijia sikioni. "Nyanyua kidogo. Usilazimishe. Kaa hivyo hivyo. Sasa kata mafuta, rudisha!"

Nikaachia mkono wa mafuta, nikarudisha. Ya pili ikaingia laini kuliko nilivyowahi kuipachika kwa klachi maisha yangu yote. Nikanyamaza.

Kushusha kukanishinda. Mara ya kwanza meno yalilia kraa! na tairi la nyuma likateleza kidogo kuelekea bondeni. Babu akanibana mbavu. "Umechelewa! Unashusha injini imeshalala. Iamshe kwanza." Yaani ukate mafuta, mguu unapokandamiza uongeze kidogo, injini izunguke kwa kasi ambayo gia ya chini inaitaka. Kona mbili nikakosea, ya tatu nikapata. Baadaye akaacha maneno, akawa ananigonga bega tu kila ulipofika wakati. Alikuwa anausikia kabla yangu.

Soni tuliipita bila kusimama, maana kusimama ndiko tulikokuogopa. Baada ya hapo bega langu halikuguswa tena. Nikadhani amesinzia.

Miezi kadhaa baadaye nilikuta fundi amefungua giaboksi, nikaona kile nilichokuwa nafanya. Gia haziachani hata kidogo, zimeumana muda wote. Kinachohama ni meno manene ya ubavuni, yanayoingia kwenye matundu ya gia ya jirani. Injini ikivuta, yanakaza, huyatoi. Ukikata mafuta, unapita muda mdogo kuliko kupepesa jicho ambapo injini haivuti wala haisukumwi, nayo yanateleza. Kidole cha mguu kinausubiri muda huo. Vijana wa leo wanabadili gia bila klachi kwa mbwembwe, hata waya ukiwa mzima, na wakishusha bila kupiga resi wanayala yale meno kwenye kingo. Giaboksi ikianza kurusha gia wanamlaumu aliyewauzia.

Lushoto nilitakiwa nipate fri kabla ya kusimama, ile nusu ya katikati ya kwanza na pili. Nikaikosa. Pikipiki ikajibanja ikazima mbele ya maduka, babu akanigonga mgongoni na kikapu chake, ng'onda wawili wakaanguka barabarani. Akawaokota, akawafuta kwa kanzu, akanihesabia 4,000.

"Babu, tulisema 8,000." Na hesabu ya tajiri ilikuwa bado haijatimia.

"Tulisema 8,000 za dereva mmoja," akasema, akabeba kikapu chake akaondoka.