Mgonjwa Wetu wa Unguja

Mzee Abeid Amani Karume, rais wa Zanzibar, aliuawa kwa risasi Ijumaa jioni, tarehe 7 Aprili 1972, Kisiwandui, makao makuu ya chama chake cha Afro-Shirazi, akicheza bao na wenzake. Mwanza sisi tulizipata habari asubuhi iliyofuata kwenye redio ya fundi cherehani aliyepanga chumba cha mbele katika nyumba ya baba, si mbali na soko kuu. Nilikuwa darasa la sita. Baba alikuwa karani wa ushirika wa pamba, tena balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo neno lolote lililozuka mtaani kwetu liliishia kibarazani kwake.

Fundi alikuwa mtu wa Ng'ambo, Unguja. Alivuka kuja Bara kabla ya Uhuru, akazoea Mwanza hadi ugali wa udaga kwa sato ukawa ndio chakula chake, lakini masikio yake yalibaki kwao. Alipenda kutusimulia sisi watoto jinsi mama yake alivyochuma karafuu kwenye shamba la watu na kurudi nyumbani na kikapu cha muhogo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ya Karume iliigawa ardhi, eka tatu kwa familia, na dada yake fundi akawa mmoja wa waliopata. "Eka tatu zenye minazi," angesema, akiinua vidole vitatu kutuonyesha. Elimu ikawa bure, matibabu bure, wazee wasio na watu wakajengewa nyumba Sebleni. Kwa fundi yule, kumsema vibaya Karume ilikuwa sawa na kumtukana mama yake.

Asubuhi ile alikuwa akishona kaptura ya mtoto wa shule. Taarifa iliposomwa, mguu ukamsimama juu ya kanyagio, sindano ikabaki imezama kwenye kitambaa. Sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima wa kiume akilia hivyo. Hakuuficha uso. Machozi yalimdondokea kwenye utepe wa kupimia ulioning'inia shingoni. "Wamemuua baba yetu," akawa anarudia. "Wamemuua mtu aliyetupa ardhi."

Uani, bibi wa maandazi aliendelea kukaanga.

Na yeye alikuwa wa Unguja. Alikuja Mwanza akimfuata mumewe aliyefanya kazi reli, mume akafariki, akabaki kwetu katika chumba cha uani na karai lake. Tulijua alikuwa na kaka aliyekuwa karani katika serikali ya zamani, na kwamba miezi michache baada ya Mapinduzi walikuja watu usiku wakamchukua. Hilo mama alitunong'oneza ili tusije tukamwuliza bibi habari za kwao.

Fundi akatoka hadi uani, macho mekundu. "Bi Mkubwa, zima moto. Nchi imefiwa."

Bibi akaligeuza andazi kwa kijiti chake. Hakupaza sauti. "Mimi nilifiwa kabla ya nchi, fundi. Kaka yangu sikuonyeshwa hata kaburi. Nani alinizimia moto?"

Fundi akashindwa kusema. Akarudi chumbani kwake, akafunga dirisha. Baba alikuwa amesimama mlangoni na alisikia yote, na sisi tulisikia, na wapangaji wengine pia. Baba akatutazama mmoja mmoja. "Hapa hakuna aliyesikia kitu," akasema, kisha akamgeukia mama akazungumza naye kwa Kisukuma, haraka haraka, jambo alilolifanya alipokuwa na hofu.

Hofu yake niliielewa baadaye. Mwaka 1969 serikali ya Muungano ilikuwa imewakabidhi kwa Zanzibar Abdulla Kassim Hanga na Othman Shariff, watu waliowahi kuwa wakubwa serikalini, nao hawakuonekana tena. Ikiwa mtu wa cheo cha Hanga hakuokolewa na Muungano, mjane anayekaanga maandazi Mwanza angeokolewa na nini? Na hapo rais ndiyo kwanza ameuawa, kila Mzanzibari anatazamwa mara mbili.

Siku chache baadaye tawi la TANU, chama tawala cha Bara wakati ule, liliitisha mkutano wa maombolezo. Fundi alihudhuria kwa kanzu nyeupe. Bibi hakutoka chumbani. Jioni katibu wa tawi akapita kwetu na daftari lake, akaketi kibarazani, akanywa chai, akauliza kwa upole kwa nini yule bibi wa Unguja hakuonekana, maana msiba ni wa kwao zaidi kuliko wetu.

"Miguu," baba akajibu. "Imemvimba, hawezi kusimama."

Katibu akamgeukia fundi, ambaye alikuwa mlangoni kwake akikunja kanzu ile. "Ati, fundi? Wewe ni wa kwao. Ni kweli?"

Nilikuwa nimeshika birika, na nakumbuka nilivyoubana mpini wake wa moto nisilidondoshe. Fundi alikawia kujibu. Sentensi moja tu ingetosha. Akamaliza kukunja mkono wa kanzu, akasema, "Ni kweli. Miguu inamsumbua siku nyingi."

Katibu akaandika, akaaga. Alipokwisha kupotea njiani baba alitaka kumshukuru, fundi akamkatiza. "Usinishukuru, balozi. Alichosema siku ile kiliniuma na kitaendelea kuniuma. Lakini mimi si mtu wa kumpeleka mtu." Na kweli hakumsamehe. Tangu hapo alinunua mikate dukani, wala hakula tena maandazi ya uani hadi alipohama.

Kila inapofika Aprili 7, ambayo ni siku ya mapumziko kitaifa, nasikia watu wakibishana kama Karume alikuwa mkombozi au dikteta, na kila upande una ushahidi wake. Eka tatu ni kweli. Majengo ya Michenzani yapo, yanaonekana. Ni kweli pia kwamba Zanzibar haikuwahi kupiga kura kumchagua rais wake yenyewe mpaka 1980, kwamba mwaka 1970 wasichana wa asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu, na kwamba kesi ya mauaji yake mwenyewe iliendeshwa bila watuhumiwa kuwa na mawakili wao. Binafsi simwamini anayenisimulia nusu moja tu. Nimeishi katika nyumba yenye nusu zote mbili, na wote wawili walikuwa watu wa kweli.

Wiki kadhaa baadaye, Aboud Jumbe akiwa ameshashika madaraka, bibi aliniita chumbani kwake. Yeye alisoma Kurani vizuri sana lakini herufi za Kizungu hakuzijua, akataka nimwandikie barua kwa wifi yake Unguja, mke wa yule kaka. Alinionya niandike maneno yake vilevile, nisiongeze wala nisipunguze, kwani barua huenda ikafunguliwa na wasioandikiwa. Baada ya salamu ndefu kwa majina ya watu wote akanitamkia: "Sasa mganga mkuu amebadilika, naomba kujua kama kuna habari za mgonjwa wetu aliyepelekwa hospitali mwaka 1964. Kama amelazwa tujue wodi. Kama amezikwa tujue wapi."

Jibu lilichukua muda mrefu. Nilimsomea jioni, tukiwa tumekaa juu ya mkeka wake, taa ya chemli katikati. Wifi alieleza kwamba watoto wote wako shule na hawalipi senti, mkubwa anasifiwa kwa hesabu, na yule wa mwisho alilazwa kwa malaria akatibiwa bure. Kisha mstari mmoja: "Kuhusu mgonjwa hatujaambiwa kitu, na wauguzi ni walewale. Tafadhali usiulize tena."

Bibi akaniambia nirudie pale pa watoto. Nikarudia. Akatabasamu aliposikia ile habari ya hesabu, akasema kaka yake naye alikuwa hivyo hivyo, hesabu zote za ofisi alizifanya kichwani. Halafu akanipa karatasi mpya.

"Andika wasome sana, shangazi yao amefurahi. Chini yake andika kuwa bado namuulizia mgonjwa wangu. Asipotaka kujibu asijibu, mimi nitauliza."

Niliendelea kumwandikia mpaka nilipokwenda sekondari, kisha mdogo wangu akapokea kazi hiyo. Wifi alijibu kila barua. Kuhusu mgonjwa hakuandika tena neno.