Neno Nililolibeba Hadi Ukingoni mwa Nyiragongo

Kwa karibu miaka miwili nilipanda Nyiragongo, volkano iliyo karibu na mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, pamoja na mwanamke niliyempenda, na katika muda huo wote hatukuzungumza jambo lisilo la kazi. Yeye alipima gesi, mimi nilitunza vipima-mitetemo; nilimwita Dokta, naye aliniita Fundi. Naeleza namna nilivyofaulu kulisema neno lililonikaa rohoni, kwa sababu najua wako wengine katika kazi kama yetu ambao wamelinyamazia neno kama hilo mpaka likapitwa na wakati.

Kutoka Kibati, chini ya mlima, hadi kileleni, kwenye mita 3,470, ni mwendo wa saa tano au sita kwa mtu aliyebeba betri mgongoni. Huko juu baridi ya usiku hupenya hadi mifupani, na moshi wa salfa hula kila chuma, hivyo kila safari nilizikuta nati za paneli za jua zimeshikana kwa kutu. Tulikula bugali na sambaza wakavu, samaki wadogo wa ziwani, waliopikwa kwa makaa, kisha kila mmoja akaingia hemani kwake. Katika daftari lake alikuwa amebandika picha ya Erebus, mlima wa Antaktika wenye mita 3,794, ambao una ziwa la lava kama wetu ulivyokuwa nalo wakati huo. Usiku mmoja aliniambia kwamba kwenye kituo cha McMurdo, kilicho katika kisiwa cha mlima huo, jua halichomozi kwa takriban miezi minne, na kwamba angependa kuishi mahali ambapo giza linampa mtu ruhusa ya kutoulizwa maswali. Nilielewa kwamba ananionya.

Sikuona kosa lake, kwani nami nilikuwa nimejifunga. Uchumba wangu wa kwanza ulivunjika wakati mshahara ulipokosekana miezi mingi na ng'ombe wa mahari wakawa hawapatikani. Tangu hapo niliona ni heshima zaidi kunyamaza kuliko kuahidi.

Mambo yalibadilika siku tulipokwenda kupima mazuku magharibi mwa mji, karibu na Ziwa Kivu. Mazuku ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama katika vishimo, ambako huua mbuzi na hata watu. Dokta alishusha kiberiti kilichowaka polepole. Mwali ulipofika usawa wa goti ulizimika kana kwamba umetiwa majini. Mimi, niliyeijua hatari hiyo miaka yote, niliangusha kalamu na kuinama kuiokota. Alinikamata ukosi wa shati akanivuta nyuma kwa nguvu, huku akiniita kwa jina langu, si Fundi, bali jina nililopewa na mama yangu. Tulikaa juu ya jiwe, mikono yake ikitetemeka, nami kwa mara ya kwanza nikamuuliza jambo ambalo halikuwa la vipimo: mwaka 2002 alikuwa wapi?

Alikuwa na umri wa miaka 15. Tarehe 17 Januari lava ilipita katikati ya Goma hadi ziwani, na familia yake ikakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Waliporudi, mahali pa nyumba yao palikuwa na mwamba mweusi uliokuwa bado unatoa joto. Walijenga tena juu yake, kama wengi walivyofanya, lakini mama yake alikataa kabisa kununua kabati. Nguo zao zilikaa katika mifuko karibu na mlango, tayari kubebwa. Dokta naye, hata baada ya kupata kazi na nyumba yake, aliishi na mifuko.

Naamini kosa langu kubwa lilikuwa kungoja wakati mtukufu, kule ukingoni, mbele ya lile ziwa jekundu. Swali dogo lilifungua zaidi, nami nikajizoesha kuuliza moja kila safari na kuuheshimu ukimya wake asipojibu.

Kisha ikafika Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021. Lava ilitoka ubavuni mwa mlima na kuishia Buhene, pembezoni mwa Goma, ardhi ikatetemeka siku baada ya siku, na tarehe 27 watu wakaamriwa kuhama. Nilimpeleka mama yangu kwa miguu hadi mji wa Sake, magharibi mwa Goma. Dokta alibaki pamoja na wenzake waliokuwa wakisoma mitetemo. Usiku, nikiwa kwenye uwanja wa kanisa, niliandika ujumbe: "Mitetemo mingapi tangu jioni?" Nikaufuta. Nikaandika: "Umekula?" Baada ya saa nzima alijibu: "Bado. Mama amepata pa kulala?" Tuliandikiana hadi simu yangu ikazimika, na hakuna aliyetaja mlima.

Niliporudi tulikwenda Buhene kupima joto la lava mpya. Mvua nyepesi ilikuwa ikinyesha na kugeuka mvuke miguuni petu. Nilimwambia bila utangulizi, "Nataka kwenda kwa baba zako wadogo nijitambulishe." Aliuliza tangu lini. Nikamwambia tangu safari ya pili. Akanyamaza muda mrefu, akaandika kipimo cha joto daftarini, kisha akasema, "Mimi sijui kuweka vitu." Nikamjibu kwamba ningengoja, na nilimaanisha hivyo.

Baba zake wadogo walinipokea mwezi wa Agosti. Juma moja baada ya harusi, chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, ilisimama mlangoni kwetu ikiwa imebeba kabati la mbao alilolinunua mwenyewe, bila kuniambia. Mlango ulikuwa mwembamba, kwa hiyo lilikaa barazani siku mbili likiwa limefunikwa turubai, hadi seremala alipokuja kutoa fremu. Usiku ule wa kwanza alitoka mara mbili kuangalia kama halijalowa.