Nilivyofunga Paneli za Sola Juu ya Boti Yangu ya Mferejini

Boti ninayoishi ni ya chuma, ndefu na nyembamba, ya aina inayotumika katika mifereji ya Uingereza. Upana wake ni takribani mita 2.1 tu, kwa kuwa malango mengi ya maji (vyumba vya kupandishia na kushushia boti) katika mifereji ya katikati ya nchi hiyo yalijengwa tangu karne ya 18 kwa upana wa futi 7 hivi, na boti iliyo pana zaidi haipiti. Sina gati la kudumu lenye umeme. Kibali changu ni cha kusafiri, na kinanitaka nisikae mahali pamoja zaidi ya siku 14, kwa hiyo umeme wote ninaoutumia hutoka kwenye betri, na betri hizo zilikuwa zikichajiwa na injini ya dizeli peke yake. Masharti ya kibali hayaruhusu kuwasha injini boti ikiwa imefungwa kati ya saa mbili usiku na saa mbili asubuhi, nami kwa upande wangu nilichoka kukaa mchana kutwa katika ngurumo na moshi ili jokofu tu lifanye kazi.

Sikuwa nimewahi kufanya kazi ya umeme. Mdogo wangu, ambaye hufunga sola majumbani huko Tanga, aliniambia kwa simu, “Dada, usinunue kitu kabla hujaandika unatumia nini,” na neno hilo ndilo lililoniongoza kuliko jingine lolote. Nilichukua karatasi nikaandika kila kifaa, wati zake na saa zake kwa siku. Jokofu langu la volti 12 hutumia wati 45 linapozunguka, lakini huzunguka takribani theluthi moja ya muda, hivyo hula kama wati-saa 360 kwa siku. Nilipoongeza taa za LED, pampu ya maji, kompyuta na simu, jumla ilikaribia wati-saa 800. Betri zangu nne za risasi na asidi, kila moja ya ampea-saa 110, zinaweza kubeba mzigo huo kwa siku tatu bila kuchajiwa, nikitumia nusu tu ya uwezo wake, kwa kuwa betri za namna hiyo huharibika mapema zikizoeshwa kushuka chini ya nusu.

Baada ya hesabu ya matumizi ilikuja hesabu ya nafasi, nayo ndiyo ngumu zaidi katika boti ya aina hii. Paa limejaa vitundu vya hewa, bomba la moshi la jiko la kuni, na upondo wa kusukumia boti inapokwama. Zaidi ya hayo, ukingoni lazima pabaki pa kukanyaga unapoingia katika malango ya maji huku umeshika kamba. Nilichagua paneli mbili za wati 200, nikazilaza kwa urefu wa boti, mbali na bomba la moshi, kwa sababu hata kivuli chembamba kinachoangukia sehemu ndogo ya paneli hupunguza umeme kwa kiasi kikubwa. Kwa kuwa kingo za mifereji zina miti mingi, niliziunga sambamba badala ya mfululizo, ili moja ikiwa kivulini nyenzake iendelee kufanya kazi bila kuvutwa nyuma.

Kazi iliyonitia hofu ilikuwa kutoboa paa, ambalo ni bamba la chuma la milimita 4. Nilikwangua rangi mahali pa tundu, nikaanza na keekee ndogo, kisha kubwa, polepole. Chenga za chuma zinazotoka hapo zisipoondolewa zote hushika kutu usiku ule ule na kutia madoa kwenye rangi, kwa hiyo niliviringisha sumaku katika mfuko wa plastiki, nikaipitisha paa zima, kisha nikaugeuza mfuko ndani-nje ili chenga zibaki humo. Kingo za tundu nilizipaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya kuweka kishikio cha waya na gundi isiyopitisha maji. Ndani nilizipitisha nyaya katika mabomba ya plastiki, kwa sababu boti yangu imekingwa baridi kwa polistireni (povu gumu la plastiki), na polistireni ikigusana na waya wa PVC kwa muda mrefu huufanya ganda lake kuwa gumu na kupasuka.

Kidhibiti cha chaji, yaani kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unapoingia kwenye betri, nilichonunua ni cha aina iitwayo MPPT, ampea 30, kinachogeuza volti za ziada za paneli kuwa ampea za kuchaji. Nilikiunga kwanza na betri kupitia fyuzi ya ampea 40 iliyo karibu kabisa na ncha chanya, ili kitambue kuwa mfumo ni wa volti 12. Paneli zilifuata mwisho, zikiwa zimefunikwa blanketi zito, maana paneli hutoa umeme wakati wowote inapoona mwanga. Kila kiungo nilikipima kwa multimita kabla ya kukikaza.

Jambo ambalo mdogo wangu hakulizoea ni pembe ya kuinamisha paneli. Tanga jua hupita karibu na utosini, na paneli iliyolazwa hupata sehemu kubwa ya mwanga mwaka mzima. Huku kwenye latitudo ya 52, jua la adhuhuri huwa nyuzi 61 juu ya upeo mwezi Juni, na nyuzi 15 hivi tu mwezi Desemba. Kwa hiyo nilitumia vishikio vya kukunjuka: nikitia nanga kwa siku kadhaa wakati wa baridi huziinua paneli na kuzielekeza kusini, na kabla ya kuondoka huzilaza tena, kwa kuwa madaraja ya mifereji ni ya chini.

Tangu Aprili hadi Septemba siwashi injini kwa ajili ya umeme. Kuanzia Novemba hadi Januari mwanga unaofika hapa ni takribani moja ya kumi ya ule wa Juni, na injini bado inahitajika. Mbele ya paa pana nafasi ya paneli ya tatu, ila wati 600 zitazidi uwezo wa kidhibiti hiki, hivyo nikiiongeza nitalazimika kununua cha ampea 50.