Mama mkwe, gobilini na ile usiku ya kambini

Kompyuta yangu iko sebuleni. Nyumba ya kupanga, Tabata, vyumba viwili, ungetaka niiweke wapi? Kwa hiyo mama mkwe alipokuja kutoka Tanga kutibiwa goti, akakaa wiki tatu, ikawa mimi nacheza gemu na yeye yuko kochini nyuma yangu anachambua mchele.

Gemu lenyewe ni Baldur's Gate 3, la Larian, kampuni ya Ubelgiji. Lilitoka Agosti 2023 ila mimi nimelipata juzijuzi, maana linataka nafasi ya GB 150, na kwa bando langu ningelishusha mpaka Nasra aolewe. Nilipakia kompyuta kwenye bajaji hadi Mikocheni kwa rafiki mwenye faiba, ikalala huko.

Wapo wanaoliita gemu la ngono. Hao hawajapigana. Una kikosi cha watu wanne, na kila mmoja zamu yake ikifika ana hatua za kutembea, tendo moja kubwa na tendo moja dogo. Basi. Shambulio linaamuliwa na dadu la pande 20: ikija moja umekosa hata uwe nani, ikija 20 umemchana. Ukiwa juu yake unaongezewa mbili, ukiwa chini unapunguziwa mbili, kwa hiyo nusu ya vita ni kugombea ngazi na mapaa. Maji yaliyomwagika yanapitisha umeme, mafuta yanashika moto, na moto haujui nani mwenzako. Nimewachoma watu wangu mara ngapi, sisemi.

Chini ya kisima kimoja kuna buibui jike, mkubwa kama daladala. Anaruka kutoka utando hadi utando, na akipiga ukelele mayai yaliyozagaa pangoni yanapasuka, vitoto vinakuvamia. Nilikufa mara mbili. Mara ya pili nikasikia nyuma yangu, "Sasa baba Nasra, mbona umekaa chini ya utando wake?"

Kumbe mama alikuwa anafuatilia. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa bao, lile la mashimo 32 na kete 64, na mama aliwapikia wacheza bao kahawa kwa miaka. "Naye alikuwa hivyohivyo," akasema, "kidole kiko hewani, anahesabu, chai inapoa."

Tukamwacha buibui, tukaenda kwenye kambi ya gobilini, vijitu viovu vya humo gemuni. Nasema tukaenda. Kuna mmoja alisimama ukingoni mwa korongo, mimi nimeshampiga na nataka kumaliza zamu. Mama akauliza, "Humsukumi kwa nini?" Kusukuma ni tendo dogo, lilikuwa bado linanisubiri. Nikamsukuma. Akaenda zake na vyote alivyobeba, hiyo ndiyo hasara yake, huwezi kumpekua. Mama akarudi kwenye mchele wake. "Haya, mwingine."

Ndiyo maana sikujiandaa. Ukiwamaliza viongozi wa gobilini, kambini kwenu kunakuwa na sherehe, na Lae'zel, mwenzako wa kikosini, mwanamke shujaa mwenye ngozi ya kijani, akikukubali anakuambia waziwazi anachotaka usiku huo. Anasema kwa Kiingereza. Mimi nikajibu ndiyo kwa Kiingereza, nikidhani mazungumzo yataishia hapo. Sasa picha haihitaji mkalimani. Natafuta kipanya, kipanya kimeingia chini ya gazeti. Nikasikia kochi linalia, na sauti ya mama, ya upole kabisa: "Ngoja nikaangalie mboga jikoni."

Jikoni hakukuwa na mboga.

Mama Nasra alicheka mpaka akakaa chini. Mimi niliingia kwenye setingi usiku ule. Kuna swichi mbili, moja ya sehemu za siri, nyingine ya uchi wote, nikazima zote. Ila swichi inawavalisha nguo za ndani tu. Tukio linabaki palepale, na miguno yake. Kizuizi cha kweli ni kujibu hapana pale mwanzo. Larian walijua wanachokifanya: Julai 2023 walionyesha tukio la mhusika aliyejigeuza dubu akiwa na mpenzi wake, na matangazo yao ya moja kwa moja yakafungiwa TikTok. Sioni ubaya mtu mzima kuchagua, gemu lina alama ya miaka 18. Lakini la dubu naona lilikuwa tangazo la biashara tu, na limewafanya watu wengi wasijue kuna akili kiasi gani kwenye zile zamu.

Mama hakukaa tena nyuma yangu. Jioni alikuwa na kazi barazani.

Jumamosi nikamsindikiza stendi, Mbezi. Ameshakaa dirishani, basi linaunguruma, nami natazama viatu vyangu.

"Baba Nasra."

"Naam, mama."

"Yule buibui?"

"Bado, mama."

"Anza na mayai. Yachome kwanza, kabla hajakuona."