Benchi langu, benchi lao

Nina steshenari ndogo Ngamiani, Tanga: chumba kimoja cha mbele, mashine mbili za kutolea kopi, kompyuta mbili, na kalamu moja ya bure iliyofungwa mezani kwa uzi. Uzi niliuweka baada ya kalamu ya nane kupotea. Haipiti siku sijamfungulia mtu barua pepe. Leo kijana anayeomba mkopo wa chuo, kesho dada anayetafuta ajira, keshokutwa mama aliyeletewa simu na mwanawe kutoka Maskati na simu yenyewe inadai imeli kabla haijamkubali. Natoza mia tano, na hiyo ni ya vidole vyangu. Barua pepe yenyewe haina bei. "Hiyo ni bure," ndivyo ninavyowaambia, na neno hilo nimelitamka miaka kumi na mitatu bila kulitafuna, mpaka mpango wa Mzee Karani ulipoharibika.

Karani si jina lake, ndivyo tunavyomwita. Alikuwa karani wa shamba la mkonge njia ya Muheza, mtu wa mizani na hesabu za marobota, na hadi leo ukimpa fomu anaijaza kwa mwandiko ambao naona haya kuuweka kwenye mashine yangu ya kopi. Kila Alhamisi anakuja kwa baiskeli kutoka Makorora. Anwani yake ni ya zamani, alifunguliwa na mwanawe enzi za intaneti kafe, kwenye kampuni ambayo siitaji na ambayo si hata moja kati ya hizi nitakazozitaja mbele. Macho yakapungua. Tukapanga hivi: barua ikiingia kwake ijielekeze yenyewe hadi kwenye anwani ya dukani, mimi niitoe kwenye karatasi kwa herufi kubwa, yeye aje asome. Mpango ukaenda miaka sita bila tatizo. Kisha Alhamisi moja hakukuwa na barua, na iliyofuata hakukuwa na barua, nikaingia kwenye akaunti yake kutazama. Barua zilikuwa zimejaa tele humo humo. Juu yake tangazo: kuelekeza barua kwenye anwani nyingine sasa ni huduma ya wanaolipia. Bei kwa dola, malipo kwa kadi.

Mzee ana kitochi. Kadi ya benki aliyonayo ni ya kutolea pensheni tu, na hata hiyo anayekwenda nayo kwenye mashine ni mjukuu.

"Kwani wananidai nini hawa?" akauliza.

"Hawakudai, mzee. Wanataka ulipie."

"Si uliniambia bure?"

Nikajifanya natafuta miwani yangu. Aliyejibu ni shemeji yangu, fundi simu, ambaye kibanda chake kimeegemea ukuta wangu na masikio yake yako ndani ya duka langu siku zote.

"Mzee, shikamoo. Samahani, lakini mkono mtupu haulambwi. Miaka yote hiyo hujawapa hata shilingi. Wakiondoa kitu chao, wamekuibia nini?"

"Marahaba. Hawajaniibia. Kigoda ni chao. Ila kama nimekikalia, na umri huu, mtu husema kwanza, 'Mzee, inuka, nakitaka kigoda changu.' Havuti tu."

Shemeji akacheka, akarudi kwenye kioo alichokuwa anabandika. Mimi ndiye niliyebaki na kigoda kichwani wiki nzima.

Shemeji alizaliwa mwaka 2000, kwa hiyo hajui tulikotoka. Mimi anwani yangu ya kwanza niliifungua mwaka 2003, kafe moja mjini si mbali na Posta, mia tano kwa nusu saa. Ilikuwa ya Hotmail, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1996 na Sabeer Bhatia na Jack Smith, kisha ikanunuliwa na Microsoft mwishoni mwa 1997. Nafasi yote ya barua zako ilikuwa megabaiti 2. Picha moja ya simu ya leo haienei humo. Na ukikaa siku 30 bila kuingia, barua zinafutwa. Tulikuwa tunakwenda kafe kama mtu anavyokwenda kumtazama mgonjwa: huna la kumwambia, unakwenda asije akakata roho hujamwona. Hakuna aliyesema ananyimwa haki. Tulishangaa tu kwamba barua inafika London kabla hujatoka kwenye kiti.

Wenye Yahoo walikuwa na megabaiti 4, wakajiona matajiri. Lakini mwaka 2002 Yahoo ilifanya jambo linalofanana na lililompata Mzee. Kulikuwa na njia iitwayo POP, ambayo hata jina lake limetokana na posta, inayoziteremsha barua kutoka kwenye mashine za kampuni hadi kwenye kompyuta yako, zikakaa kwenye droo yako mwenyewe. Ilikuwa bure. Ikawekewa bei, karibu dola 30 kwa mwaka. Watu wakalalamika, na bei ikabaki pale pale. Kilichogeuza mambo ni mshindani. Tarehe 1 Aprili 2004 Google ikatangaza Gmail yenye gigabaiti 1, yaani kama megabaiti elfu moja, na wengi wakadhani ni utani wa Sikukuu ya Wajinga. Miezi miwili mitatu baadaye Yahoo ikapandisha nafasi hadi megabaiti 100, Hotmail ikaahidi 250, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo Gmail ikafungua POP bila malipo. Kitu kile kile, huku kinauzwa, kule kinagawiwa.

Nikikitazama kisa hicho, shemeji anapata pointi. Hakuna aliyekuwa akilipa deni. Kila mmoja alikuwa akivuta wateja. Na mgema akisifiwa, mnajua afanyacho. Siku hizi Gmail ya bure ina gigabaiti 15, ila barua zinagombania nafasi hiyo pamoja na picha na mafaili. Zamani Google ilikuwa ikihifadhi picha bila kikomo. Juni 2021 ikaacha. Nafasi ikijaa, barua mpya haziingii. Hapa dukani sasa kazi yangu ya pili baada ya kufungua imeli ni kufuta video za send-off za watu ili barua ya kuitwa usaili ipate pa kukaa. Hiyo nayo mia tano.

Ningeishia hapo, nikamwambia Mzee alipie au anyamaze, kama nisingekuwa na kisa cha benchi.

Nje ya duka nilikuwa na benchi la mninga, la marehemu baba, na mtungi wa maji pembeni. Nililiweka kwa ajili ya wanaosubiri kopi. Kina mama wa mtaani wakaligundua. Jioni baada ya alasiri wanakaa pale, upatu wao unachezewa pale, bajia za kunde zinauzwa pale, na mtu akimtafuta mwenzake anaambiwa, "Nenda kwenye benchi." Mwaka juzi nikanunua mashine ya pili ya kopi, nafasi ikabana, nikalitoa benchi Ijumaa usiku bila kumwambia mtu. Jumamosi nikakuta wamesimama.

"Binti, benchi letu umelipeleka wapi?"

Letu! Nikachemka. Nikawaambia sijawahi kumtoza mtu hata senti tano kukalia benchi langu. Mmoja wao, mtu mzima ambaye mama yangu mwenyewe humwamkia, akajifunga kanga vizuri, akasema taratibu: "Hukututoza, mwanangu, ni kweli. Lakini hao watu uliowanunulia mashine ya pili, nani aliyekuletea?"

Sikulala vizuri. Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Watu walipita kwangu kwa sababu pana watu. Kampuni hizi za barua pepe nazo ni hivyo hivyo. Gmail kwa miaka mingi mashine zake zilikuwa zikipitia maneno ya barua ili kuchagua tangazo la kukuonyesha. Google ilitangaza kuacha hilo mwaka 2017, na matangazo yenyewe hayakuondoka. Sisi tuliokaa kwenye benchi ndio tuliowafanya watangazaji waje. Ndiyo maana siku hizi shemeji akisema "hujawapa hata shilingi" namwacha amalize, halafu namuuliza benchi lake la bure liko wapi.

Hata hivyo siendi na Mzee mpaka mwisho wa safari yake. Yeye anataka kila alichopewa mwaka wa kwanza abaki nacho mpaka kaburini. Nafasi kubwa, kuelekeza barua, sura isiyo na matangazo, mtu wa kupokea simu ukikwama: hivyo hawana deni navyo, na anayevitaka vyote alipie kama mimi ninavyolipia umeme. Ninachokishikilia ni vitu viwili tu. Cha kwanza ni cha kigoda: sema kabla, kwa lugha ya kueleweka, na muda wa kutosha kwa mtu anayefika Alhamisi hadi Alhamisi. Cha pili ni barua zenyewe. Baba yangu hakuwahi kuwa na sanduku la posta. Barua zetu zote zilikuja kupitia S.L.P. ya shule alikofundisha, kwa hisani. Mwalimu mkuu angeweza siku yoyote kusema sanduku ni la shule tu, katafute lako, na baba asingekuwa na neno. Lakini barua iliyokwisha kufika, yenye jina la baba juu ya bahasha, mwalimu mkuu asingeweza kuifungia kabatini akataka hela ya ufunguo. Njia ya kutoa barua zako humo naihesabu mbali na mapambo mengine. Google waliweka njia ya kupakua vitu vyako tangu 2011, barua za Gmail zikaongezwa humo mwishoni mwa 2013, na Ulaya tangu Mei 2018 sheria yao inampa mtu haki ya kuondoka na taarifa zake. Sioni kwa nini mzee wa Makorora awe na haki pungufu kwa sababu tu anaendesha baiskeli mbali na Brussels.

Kwake hiyo njia haikuwepo, au ilikuwepo nyuma ya kadi. Tukahama kwa mkono. Nikamfungulia anwani mpya, tukakaa alasiri tatu tukizituma barua moja moja kutoka ile ya zamani: 214 alizosema lazima zije, pamoja na moja ya mwaka 2009 yenye maneno manne tu kutoka kwa marehemu mkewe alipokuwa amelazwa Dar. Hiyo alitaka niitoe kwenye karatasi mara mbili. Sikumtoza.

Benchi nilishalirudisha, limekatwa ncha moja ili mlango ufunguke. Kina mama wanasema sasa ni fupi.

Na Alhamisi iliyopita Mzee aliegesha baiskeli, akakaa, akanywa maji ya mtungi, akapokea karatasi zake. Akazigeuza geuza.

"Mwanangu, herufi za leo mbona ndogo? Zamani zilikuwa kubwa."

Wino ulikuwa unaelekea kuisha na nilikuwa nabana. Shemeji akachungulia dirishani, anatabasamu, anasubiri nitasema nini. Nikazichukua zile karatasi, nikaongeza ukubwa, nikazitoa upya.