Pengo la alama 18

Nilikuwa bado mwanafunzi wa saikolojia ya kitabibu, na kazi yangu katika kikao kile ilikuwa kuandika muhtasari tu. Mezani palikuwa na ripoti ya mvulana wa miaka 9: uelewa wa lugha 106, kumbukumbu ya maneno 88. Aliyeiandika alikuwa ameizungushia ile tofauti ya 18 duara jekundu, chini yake akaongeza: dalili ya hitilafu ya ubongo.

Msimamizi wangu akaisoma, akavua miwani. "Pengo hili ni la kweli au la bahati?"

"La kweli, Daktari. Likishapita 15 si rahisi kulisingizia kosa la kipimo."

"Haya. Na watoto wasio na tatizo lolote, ni wangapi wanalo?"

Kimya. Akanisukumia karatasi nikokotoe. Vipimo vyote viwili vina wastani wa 100 na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kuuzunguka wastani, wa 15. Uwiano kati yao, yaani kiasi ambacho alama za kimoja hufuatana na za kingine, ukiwa 0.5, tofauti zenyewe nazo hutawanyika kwa mkengeuko wa 15, na pengo la 18 au zaidi, upande wowote, hutokea kwa takribani asilimia 23 ya watoto. Karibu mmoja kati ya wanne! Nikarudia hesabu, jibu lile lile.

Tena viwango vya kulinganishia alama za vipimo hivyo havikutokana na watoto wale wale. Vya kile cha lugha vilikuwa vimepitwa na miaka zaidi ya 10, na mtafiti wa akili James Flynn alishaonyesha kuwa alama za akili zilikuwa zikipanda kwa takribani 3 kila muongo. Sehemu ya ile 106 huenda ilikuwa uzee wa kipimo tu, mtoto akilinganishwa na watoto wa zamani waliopata alama za chini.

Ila mimi kilichonivuta zaidi ni fomu za majibu, ambazo hakuna aliyekuwa amejisumbua kuzifungua. Hadithi aliposomewa mara ya kwanza, mtoto alishika mambo machache. Nusu saa baadaye akayataja karibu yote aliyokuwa ameyashika. Msahaulifu hafanyi hivyo. Shida, kama ipo, iko pale maneno yanapoingia. Pembeni mpimaji alikuwa ameandika kwa penseli: "Anauliza 'eti?' kila mara."

Sentensi ya ubongo ikafutwa, mtoto akapelekwa kupimwa masikio. Yakakutwa hayana kasoro, kwa hiyo tukamwandikia mwalimu wake kumuuliza anakaa wapi darasani, na kama usikivu wake wa asubuhi ndio huo huo wa mchana.